Msiba wa Nyota Juu ya Slabu

Machi 4

Leo nimepewa kazi. Mke wangu Demetria kanikabidhi daftari na kalamu mbili, akasema kila jioni niandike hali ya mawingu juu ya nyumba yetu hapa Mbezi Luis. Yeye ana mitihani ya kusahihisha, na mie tangu nistaafu ukarani wa bandarini sina kazi ila kulalamika. Ndivyo alivyosema, tena mbele ya fundi.

Mawingu: yapo.

Machi 5

Nieleze vizuri, atakayesoma asije kudhani nimerukwa na akili.

Nyumba yetu ilichorwa iwe ya ghorofa. Chini tumemaliza, tunaishi. Juu kuna slabu tupu na nondo zimesimama. Mpango wangu wa miaka yote ni kupandisha vyumba vinne pale juu, kenchi na bati, tupangishe, tule uzee wetu kwa utulivu. Bati ziko stoo. Fundi Marselino yuko tayari hata kesho. Kinachokwamisha ni darubini. Demetria kaiweka katikati ya slabu, kaifunika turubai, na kila mtu akipita barabarani anauliza kama tunauza tangi la maji.

Darubini yenyewe ya kuazima. Ni ya kikundi cha walimu wa fizikia wanaoshirikiana na watazama nyota wa nchi nyingi, na anayewaongoza hapa kwetu ni bwana mmoja, Augustine, yuko Dodoma. Nimeelezwa mara tatu wanachotafuta na sasa nakijua kwa kichwa. Kuna nyota kubwa, mbali kuliko mbali, ambayo ikifa hutoa mmweko wa miale ya gama. Jicho la mtu haliuoni. Unaonwa na satelaiti, nao huisha kabla hujamaliza kuitikia salamu. Satelaiti hutuma ujumbe kwenye simu: geukeni upande ule. Pale nyota ilipofia hubaki mwanga mdogo unaofifia kwa saa kadhaa, ukizidi sana siku mbili tatu. Huo ndio wanaouwinda. Demetria anauita mwanga-masalio. Mie nauita makaa, maana moto umeshazimika na mtu anapekua majivu aone kama kuna kaa jekundu.

"Na ukiliona?" nikamuuliza.

"Nitakuwa nimeliona."

Mtu mwenye bati stoo unamjibu hivyo kweli?

Machi 6

Tumekubaliana, Marselino akiwa shahidi. Demetria anastaafu ualimu mwezi wa sita. Masika haya ni yake. Akikamata kaa moja, hata moja tu, na Augustine akalithibitisha, slabu inabaki wazi na mie nafunga mdomo. Masika yakiisha mikono mitupu, darubini inakwenda Singida kwa mwalimu mwingine anayeisubiri, na Marselino anapandisha kenchi.

Tukapeana mikono. Nilikuwa najua nimeshashinda. Kuwinda nyota Dar es Salaam wakati wa masika ni sawa na kwenda kununua samaki Dodoma.

Mawingu: mengi, Mungu ni mwema.

Machi 9

Mvua.

Machi 10

Mvua.

Machi 11

Mvua, na umeme hakuna. Demetria kapanda juu kuangalia turubai kama linavuja, karudi kalowa mpaka kwenye mfupa, kanikuta nimelala. Kanitazama. Sikufungua macho lakini niliona.

Machi 16

Kumekuwa na ugomvi. Jirani yetu Bi Tunu, mwenyeji wa pwani hii tangu enzi za babu zake, anakaanga mihogo na samaki jioni mbele ya nyumba yake, na juu ya karai katundika balbu ambayo ndege za kwenda Nairobi zingeweza kuifuata. Mwanga wake unapanda mpaka kwenye slabu. Demetria kaenda kumwomba aizime saa moja tu, ajaribu kuipima darubini.

"Mwalimu, niizime nikaange kwa kupapasa?" akamwambia. "Nyie Wahaya mna mambo. Mmenunua viwanja mpaka vimeisha, sasa mnaitaka mbingu. Mtaidai hati."

Demetria karudi kakunja uso. Mie nilikwenda kununua mihogo, na nilicheka njia nzima.

Machi 23

Mvua. Bi Tunu kaleta futari, uji wa pilipili manga na tambi. Kamwambia Demetria, "Hii si kwamba nimezima taa." Demetria kacheka. Wanapendana hao, wanaficha tu.

Machi 31

Idi. Pilau kwa Bi Tunu. Mawingu sikuangalia.

Aprili 7

Ujumbe wa kwanza umeingia. Simu ya Demetria ililia saa moja na nusu jioni kwa ule mlio aliouwekea peke yake, akaacha sufuria jikoni akapanda ngazi mbio, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye goti baya. Nikamfuata kwa kuwa ndizi zilikuwa zinaungua na nilitaka kumwambia.

Mawingu yalikuwa mazito kama blanketi la jeshi, na mvua ilishaanza kudondoka. Alisimama kashika mwavuli juu ya darubini, yeye mwenyewe kalowa. "Pengine wingu litapasuka kidogo," akasema. Halikupasuka. Tulisimama mpaka nikachoka, nikamwambia, "Mama Hope, shuka, utaugua." Hope ni mtoto wetu wa kwanza, yuko Mwanza, na ni yeye atakayenilaumu mama yake akiugua.

Ndizi ziliungua. Tumekula mkate.

Aprili 8

Nimejikuta naangalia juu tangu asubuhi. Mawingu yamepasuka saa nane mchana, wakati hayana faida kwa mtu yeyote. Nimeudhika, na nimeshangaa kwa nini nimeudhika.

Aprili 14

Mvua. Mafuriko bondeni.

Aprili 19

Ujumbe wa pili. Anga jeupe kabisa, nyota tele. Nyota iliyokufa iko upande wa pili wa dunia, kwetu haichomozi. "Hii ni ya Wakanada," Demetria akasema, akafunika darubini taratibu, akalainisha turubai kwa kiganja kama anayelaza mtoto.

Nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza Machi. Kwa nini hasa?

Alikaa kwenye ndoo ya rangi. Akasema, "Baba Hope, tangu nianze kufundisha, kila nilichofundisha kiliwahi kuonwa na mtu mwingine. Kiko kwenye kitabu, mie nakihamishia ubaoni, wao wanakihamishia kwenye madaftari. Sijawahi kumwambia mtoto, hiki nimekiona mie. Nataka kimoja tu. Kabla hawajanipa ile keki ya kuniaga."

Nilimsaidia kushuka ngazi.

Aprili 20

Nimenunua turubai jipya. Lile la zamani lilikuwa linavuja tangu Machi na nilijua.

Mei 2

Mvua.

Mei 6

Mvua. Marselino kapita kupima ukuta. "Shikamoo mzee. Naona siku zinakwisha." Nikamjibu marahaba, halafu nikamwambia masika bado yapo. Alinishangaa. Hata mie.

Mei 13

Jioni nilikuwa grosari kwa Benson, ng'ambo ya barabara, nakunywa soda. Kuna mtu akauliza tangi la maji juu ya nyumba yangu ni la lita ngapi. Nikaanza kumweleza kuhusu miale ya gama, nikaeleza mpaka wakahamia meza nyingine. Demetria asijue.

Mei 18

Mawingu mepesi. Hakuna ujumbe. Demetria haongei sana. Jana nilimwona anafuta kioo cha darubini kilichokuwa safi.

Mei 21

Naandika kwa haraka, kwa hiyo mwandiko msiusemee.

Mvua ilikatika mchana, jua likazama kwenye anga lililofuliwa. Tulikuwa mezani. Simu ikalia. Demetria akasoma, akasoma tena, akasema kwa sauti ndogo, "Iko juu yetu. Iko juu yetu sasa hivi, upande wa barabarani." Chakula tukakiacha.

Juu darubini ikageuka yenyewe kama ilivyofundishwa, ikaelekea juu ya paa la Benson. Na hapo ndipo tulipoona. Benson katundika taa za rangi zinazozunguka, nyekundu, kijani, buluu, zinarushwa hewani, na balbu ya Bi Tunu chini yake. Picha ya kwanza ilitoka nyeupe tupu kama shuka.

"Nenda kamwambie azime," Demetria akasema. "Kimbia. Kila dakika mwanga unafifia."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa kazini. Benson alikuwa amejaza watu, kuna mpira kwenye televisheni. Nikamwomba azime taa za nje. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kuna nyota imekufa, imetoa mmweko, mama anataka kupiga picha masalio yake. Alicheka kwa adabu. "Mzee, keti nikuletee soda, tuongee mpira ukiisha." Nikaomba tena. Watu wakaanza kuniangalia. Nikawaza kaa lile linavyokufa, na Demetria amesimama kule juu ananitegemea mie, mtu niliyemwombea mawingu tangu Machi.

Nikasema, "Benson, nina msiba nyumbani."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka. Na kweli si kulikuwa na aliyekufa?

Benson akasimama wima. Mpira ukazimwa, muziki ukazimwa, taa zote zikazimwa. Wateja wakavua kofia. Mtu akanishika bega, akasema pole sana mzee wetu. Hakuna aliyeniuliza nani kafa, maana mfiwa haulizwi hivyo mlangoni. Nilipotoka, habari ilikuwa imeshanipita. Mtaa ulikuwa unazima redio nyumba kwa nyumba, na balbu ya Bi Tunu nayo ikazimika. Nikarudi juu kifua mbele.

"Umewaambia nini?" Demetria akauliza.

"Nimewaelewesha."

Giza lilikuwa zuri. Sijawahi kuona nyota nyingi hivyo juu ya Mbezi. Kila picha huchukua dakika kadhaa na hutakiwi hata kutembea, slabu isitikisike. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Tumesimama tumeshikana mikono ili tusisogee, nami nilikuwa na furaha, naandika tu ukweli. Ya nne ilipomalizika ndipo nikasikia kilio.

Kilikuwa cha Bi Tunu. Kilikuwa kinapanda ngazi.

"Mwalimu wangu jamani, umeniacha na nani? Taa nilikunyima, mwalimu wangu, taa tu nikakunyima." Nyuma yake wanawake wa mtaa mzima wamejifunga khanga, wanaume na viti vya plastiki vya Benson, mmoja na kiroba cha unga, na kila mtu kawasha tochi ya simu. Mwanga ukafurika kwenye slabu. Picha ya tano hapo hapo ikafa.

Nilikuwa nimesema msiba, na mtaani walijua nyumba yetu tuko wawili tu. Mie walikuwa wameniona nina afya.

Demetria akaongea kutoka gizani nyuma ya darubini. "Tunu, zima hiyo tochi."

Sijui nani alianza kukimbia. Kiroba cha unga kilipasuka kwenye ngazi. Bi Tunu ndiye pekee ambaye hakukimbia. Alikwenda akamshika Demetria uso kwa mikono miwili, akamtomasa mashavu, akamkumbatia, akalia upya kuliko mwanzo. Halafu akanigeukia mie akaanza kunichapa na khanga. Nilistahili, sikuzuia.

Mpaka tulipomaliza kueleza na kuwapa watu chai, mawingu yalikuwa yamerudi. Picha nne. Demetria kazituma Dodoma, kaenda kulala bila kunisemesha.

Lakini kuna jambo lazima niliandike. Bi Tunu alipokuwa anapanda ngazi analia jina la Demetria, kabla sijaelewa ni nini, kwa kitambo kidogo niliamini. Nilikuwa nimemshika mkono, naye yu mzima, lakini niliamini. Nikaviona vyumba vyangu vinne juu hapa, vimepakwa rangi, vina wapangaji, na mie niko chini peke yangu nakula ndizi zilizoungua. Ee waitu, Kihaya kimenitoka. Nampenda mwanamke huyu na sikumbuki mara ya mwisho kumwambia.

Mei 22, alasiri

Augustine kapiga simu asubuhi. Kazipanga zile picha nne moja juu ya nyingine. Pale pale satelaiti iliposema, kuna nukta. Ndogo, lakini ipo.

Demetria akakaa chini. Augustine akasema wasishangilie bado. Inawezekana ni nyota hafifu ya siku zote ambayo picha za zamani hazikuikamata. Lazima tupige tena leo, mahali pale pale, picha nyingi zaidi. Ikiwa bado ipo na mwanga ule ule, ni nyota ya kawaida, hatuna kitu. Ikiwa imefifia, ndiyo yenyewe. Kesho itakuwa tumechelewa, na utabiri wa kesho ni mvua mpaka Jumatatu.

"Tungepata picha kumi jana," Demetria akasema, "tungeiona inafifia hapo hapo." Hakuniangalia alipokuwa anasema. Afadhali angenichapa na khanga.

Alipokwenda shule nimempigia Marselino. Nimemwambia zile bati azitafutie mtu mwingine, slabu hatupandishi. Akauliza, "Mwalimu kashinda?" Nikamwambia bado, na pengine hatashinda. Akasema sawa mzee. Nilitaka Demetria asikie kwangu, lakini nikaona leo ana la kuwaza.

Mawingu saa nne: yamejaa. Saa saba: yamejaa. Saa kumi: yamejaa.

Mei 22, usiku

Jioni nimekwenda kwa Benson kumwomba radhi na kumwomba tena taa, safari hii kwa ukweli. Nilimkuta kwenye ngazi ya mbao anashusha zile taa za rangi kwa mkono wake. "Bi Tunu keshapita," akasema. "Anasema tuliyaanza matanga, lazima tuyamalize."

Kumbe alikuwa kapita nyumba zote. Kaeleza anavyojua yeye, kwamba kuna nyota imefariki mbali sana, haina ndugu, na mwalimu ndiye anayeisindikiza; tochi marufuku. Giza lilipoingia mtaa wote ulikuwa mweusi. Watu wamekaa vibarazani wanaongea kwa sauti za chini. Bi Tunu anauza mihogo kwa mwanga wa mkaa wake tu, mteja akilalamika anaambiwa akale kwake.

Na mawingu hayakusogea. Tulikaa juu ya ndoo zetu, mwavuli magotini. Demetria akaniambia, "Jana nilikukasirikia sana."

"Najua."

"Halafu usiku nikawaza, huyu alikimbia. Na goti lake lile."

"Goti bovu ni lako, Mama Hope. Langu zima."

Akacheka. Hapo nikamwambia nililoliandika jana, lile la mwisho. Siliandiki tena hapa. Akanibana mkono, na tukiwa hivyo upepo ukatoka upande wa baharini, wingu likachanika juu ya paa la Benson.

Tulipiga picha tisa kabla halijafunga. Hakuna aliyewasha tochi, hakuna mlango uliogongwa. Demetria akazipanga mwenyewe kwenye kompyuta, chini ya khanga ili mwanga usitoke, nami nimeingiza kichwa humo humo. Akaweka picha ya jana kushoto, ya leo kulia. Nyota zote za jana zilikuwepo leo, moja moja, hata zile hafifu kuliko nukta yetu. Akapeleka kidole mahali pa nukta.

Palikuwa peusi.

"Hakuna kitu," nikasema, na moyo ukaniporomoka, kwa kuwa mie ni karani, kwangu hakuna kitu ni hakuna kitu.

Demetria alikuwa analia. "Haipo," akasema. "Revelian, haipo. Jana ilikuwepo na leo haipo." Haniitagi jina langu. "Ndiyo yenyewe. Nimeiona."

Augustine kapiga dakika chache baadaye, na sauti yake haikuwa ya asubuhi. Anasema wenzao waliokuwa tayari kuigeukia mapema, kwao kulikuwa mchana au mvua. Nukta ya Mbezi ndiyo ya kwanza waliyonayo, na ataituma kwa jina la Demetria. Kule chini Bi Tunu akasikia, sijui alisikiaje, akapiga kigelegele gizani, mtaa ukampokea.

Tulipobaki wawili Demetria akajifuta uso kwa khanga. "Haya," akasema, "mkataba ni mkataba. Kesho mpigie Marselino umwambie habari za kenchi ziishe."

"Nilimpigia leo asubuhi."

Akanigeukia. "Asubuhi? Si tulikuwa hatujapata kitu."

"Ndiyo."

Alivuta ndoo yake akaisogeza karibu na yangu, akakaa, na tukabaki pale mpaka mvua ikatushusha.